Shefu wa Njia ya Wapagazi

Kokoto ukizikanyaga zinatafuna, kama mtu anayekula karanga karibu na sikio lako wakati unajaribu kusali. Nasikia sauti hiyo kila siku ya kazi tangu njia ilipopanuliwa, na kila siku inanikasirisha upya, hata zile asubuhi ambazo nimeamka nimejiapiza kutokasirika. Nikikasirika namkumbuka yeye. Hasira yenyewe ilikuwa yake kwanza. Mimi nimeachiwa tu, na sikuiomba.

Tulimwita Shefu. Kwa Kiswahili chetu cha huku mpakani na Kongo, shefu ni mkuu, na yeye alikuwa mkuu wa njia moja: njia ya zamani ya wapagazi, inayopita msituni juu ya Butare, hii Butare yetu ya Rusizi. Kabla ya lami watu walipita humo na chumvi, majembe na bangili za nyuzi kutoka ng'ambo ya ziwa, wakiuvuka msitu kwenda milima ya mashariki. Walipita wengi mno, mmoja nyuma ya mwingine, hata miguu yao ikaichimba ardhi. Pengine njia ni mtaro unaofika gotini. Mahali pamoja, tunapopaita Kooni, unazama mpaka mabegani, na kuta za udongo pande zote mbili zimeota majani mafupi laini, kama manyoya ya mnyama aliyelala.

Alizaliwa wapi, sikuuliza. Nilijua tu kwamba alikulia Kongo kama wazazi wangu, na kwamba ukimuuliza habari za ukoo wake atakuuliza kama siku hizi polisi inaajiri wasichana.

Mimi nilipelekwa kwake na ofisi ya msitu, nikiwa nimemaliza chuo, na shahada yangu ya utalii imefungwa kwenye plastiki ili isishike unyevu. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wageni getini, kuwatangulia njiani na kuwaeleza historia. Siku ya kwanza nilikuwa nimeandaa salamu, na nimeandaa pia jibu kama salamu haikupokelewa. Shefu aliangalia viatu vyangu.

"Weye njo Diplome?" akauliza, na shahada yangu ikawa jina langu.

"Ndiyo, Shefu. Nimefurahi sana kukutana nawe, nimesikia mengi kuhusu..."

"Nyuma," akasema, akaanza kupanda.

Wiki nzima nililichambua neno hilo. Nyuma kwa sababu mimi ni mwanamke? Kwa sababu nimesoma? Kwa sababu nimetabasamu sana? Baadaye nikagundua alimwambia hivyo kila mtu. Alimwambia mkubwa mmoja wa wilaya aliyekuja na walinzi wake, na walinzi wakatazamana, kisha wote wakapanga mstari. "Nyuma" ilikuwa sheria ya njia. Ukitembea sambamba na mwenzako, mmoja wenu anakanyaga ukingo, ukingo unabomoka, mvua inashuka na ule udongo, na mtaro uliochongwa na miguu ya watu wengi unageuka korongo kama makorongo mengine yote.

"Hii njia ni ya muntu nyuma ya muntu," aliwaambia wageni. "Ukitaka kupiga stori na bibi yako, ngoja mufike nyumbani."

Wengine walicheka. Yeye hakuwa anatania, na alisubiri mpaka waone kwamba hatanii.

Juu kabisa, kabla hujaanza kushuka Kooni, kuna mahali wapagazi walipopumzika. Kila aliyepita alichuma majani mabichi, akayaweka kwenye lundo na kuacha uchovu wake pale. Desturi hiyo Shefu aliilinda kuliko kitu kingine. Lundo halikui, maana majani ya chini yanaoza wakati ya juu yanawekwa. Lakini wageni wengi wameshaona marundo ya mawe kwingineko, basi wakifika pale wanatafuta jiwe, na mawe yaliyo karibu ni yale ambayo Shefu mwenyewe aliyapanga kukatiza njia, safu baada ya safu, ili maji ya mvua yatoke pembeni yasishuke Kooni. Aliyaita mawe ya maji. Mgeni analing'oa moja, analiweka juu ya majani, anapiga picha, anashuka akijiona ameheshimu utamaduni.

Hilo ndilo kosa la huku kwetu, na bado linanichoma. Watu wanaiua njia kwa heshima.

Siku moja kundi zima lilikuwa limeshafika getini, wengine wamekwisha panda gari, Shefu akasimama mbele ya boneti.

"Jiwe iko wapi?" akamuuliza bwana mmoja.

"Jiwe gani?"

"Iko mu mfuko yako, upande wa kuume."

Yule bwana alilitoa. Lilikuwa dogo, jeusi, zuri. Alikuwa analipeleka nyumbani kama ukumbusho. "Ni jiwe tu, mzee."

"Na nyumba yako ni matofali tu," Shefu akasema. "Nikuye nitoe moja?"

Wakarudi wote, maana hakukubali bwana yule arudi peke yake akalitupe kichakani mbele ya macho ya ndege. Wakapanda mpaka juu, mvua imeanza, jiwe likawekwa mahali pake, naye Shefu akalisukuma kwa kisigino lisicheze. Mimi nilikaa getini nikitunga maneno ya kuomba radhi kwa ofisi, kwa dereva, kwa bwana yule, na kwa mke wake ambaye viatu vyake vilikuwa vyeupe. Yeye alishuka akala maharage.

Maharage hayo yalipikwa na Maman mmoja mwenye kibanda getini, mama wa Bukavu aliyekuwa akivuka mpaka kila alfajiri kuuza vitenge mpaka magoti yakamkataza. Yeye peke yake alimjibu Shefu bila kuogopa. Alijua pia mambo yake mengine. Kwa mfano, mtu huyu aliyekataza wageni wasichume hata ua moja alishuka msituni na uyoga umefungwa kwenye jani, akauweka kimya juu ya meza ya Maman.

"Na hii, Shefu? Haiko kuchukua?"

"Hii ni kuvuna."

"Bageni bakivuna, unabafukuza."

"Bageni habajue kupika."

Alikataza muziki njiani, lakini sikio lake la kushoto lilikuwa na waya, na ukimkaribia ulisikia rumba ya Kilingala, magitaa yanapanda kama maji ya moto. Aliimba besi kwenye kwaya ya parokia na kugombana na kwaya hiyo hiyo kila Jumamosi, kwa sababu waliimba, kwa maneno yake, kama watu wanaokimbilia basi. Alisema hawapendi wageni, wala hawahitaji, na laiti angeweza angelifunga geti. Lakini Ijumaa alinyoa ndevu, na wikendi watu wasipokuja alizunguka kibandani akiuliza kama barabara imekatika.

Sitaki kumfanya mtamu. Watu wakifa au wakistaafu tunawapaka sukari, na yeye hakufa, na angeichukia sukari hiyo. Alikuwa mkali kwa wakubwa, sawa, hilo watu wanalipenda kusimulia. Lakini alikuwa mkali hivyo hivyo kwa wadogo. Walikuja wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Gashonga, wametembea sehemu kubwa ya safari, wamevaa sare zilizopigwa pasi. Walipofika Kooni walifurahi, wakaanza kukimbia na kusugua mikono kwenye kuta, kama mtoto yeyote angefanya. Shefu aliwafokea mpaka wakalia. Mwalimu wao alisimama mbele yao kama kuku mwenye vifaranga.

"Papa, hao ni batoto," akamwambia.

"Na ukuta huu ni nani? Ni mutu muzima, haina wa kuutetea."

Shule ile haikurudi tena. Nilimwandalia Shefu hotuba nzima juu ya jambo hilo. Kwamba watoto wale ndio wangeilinda njia atakapochoka. Kwamba anachokilinda kwa mkono mmoja anakibomoa kwa mdomo. Nilikuwa na mwanzo mpole na mwanzo mkali, nikashindwa kuchagua, na mwishowe nikamuuliza tu kama anataka chai. Hasira ile bado ninayo.

Kisha likatokea la mguu. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mnene mchangamfu kutoka Kigali, aliteleza Kooni akavunjika kifundo. Huku kwetu mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka, watu wanne mabegani, wawili mbele na wawili nyuma. Tuliita vijana wa kijijini, wakaja mbio na ingobyi yao, wakafika kwenye mdomo wa Kooni, wakasimama. Watu wawili hawapiti pale bega kwa bega. Ndiyo sifa ya Kooni, na siku ile ndiyo ilikuwa shida yake. Wakajaribu juu ya ukingo, ukingo ukaanza kumomonyoka. Shefu akawafukuza, akashuka mwenyewe, akageuza mgongo, akambeba yule mama.

Wakagombana njia nzima.

"Nilikwambia ushike ukuta hapana, shika miti."

"Papa, nimevunjika mguu, sikuvunjika masikio."

"Masikio yalivunjika mbele ya mguu."

"Tembea, tembea. Nilifundisha watoto wabishi miaka mingi, wewe siyo wa kwanza."

Nyuma yao nilibeba viatu vya yule mama na kufikiria nini kingetokea kama angekuwa mgonjwa wa moyo. Nilifikiria mpaka tukafika chini, na jibu lake sikulipenda. Yule mama akapona. Bado anamtumia Shefu salamu.

Lakini mradi wa kupanua njia, ambao ulikuwa maneno ya ofisini tu, sasa ulikuwa na mguu wa kuonyesha. Mpango ulikuwa hivi: mtaro ufukiwe kwa kokoto kutoka machimbo ya Muganza, njia ipanuliwe watu watembee wawili wawili, pawe na mbao za kushikilia, na Kooni ijazwe mpaka iwe sawa na ukingo. Kwa lugha nyingine, njia ya wapagazi ingezikwa, na juu yake tungejenga njia nyingine na kuiita jina la marehemu.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa sekta, yaani kata yetu. Walikuwepo injinia wa mradi, watu wa ofisi, wanakijiji, vijana wa ingobyi, Maman wa maharage. Na Shefu akapewa nafasi. Lazima niliseme hili wazi, kwa sababu siku hizi watu wa huku wanasimulia kwamba hakusikilizwa. Alipewa nafasi. Injinia alishika kalamu tayari kuandika, akimtazama.

"Munataka barabara," Shefu akasema. "Barabara iko kule Muganza, inapitisha malori. Muende mutembee nayo."

Ukumbi ukacheka. Hata injinia akacheka. Pale pale palikuwa na mlango. Angewaeleza mawe ya maji. Angewaeleza lundo la majani lisilokua. Angesema jinsi alivyombeba yule mama, na nini anadhani kifanyike siku nyingine. Watu walikuwa tayari kumsikia, nilikuwa nawaangalia usoni mmoja mmoja, ndiyo tabia yangu, na nakuhakikishia walikuwa tayari. Yeye akaendelea:

"Mutu wa tumbo kubwa anataka njia kubwa, njo vile. Tumbo ya injinia haiwezi kupita Kooni. Sasa juu ya tumbo moja tunazika kazi ya bababu zetu."

Halafu akamgeukia mwenyekiti wa mkutano, akasema jambo kuhusu mama yake mwenyekiti ambalo sitaliandika. Kicheko kikafa. Kalamu ya injinia ikawekwa mezani.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nilikuwa nimesimama, na ukumbi mzima umenigeukia. Niliwaambia waache kipande kimoja. Kuanzia lundo la majani mpaka kijito kilicho chini yake, kipande chote cha Kooni. Ingobyi ipitie kando, kuna mgongo wa kilima pale upande wa juu, vijana wanaujua, njia ya kando itawezekana bila kukata mti mkubwa. Kijana mmoja wa ingobyi akasema ni kweli, inawezekana. Wakashauriana, wakakubali. Kwa sharti moja: kipande hicho kikibomoka, nacho kitajazwa.

Nje, penye pikipiki, Shefu alikuwa ananingoja. Moyo wangu, mjinga huu, ulidhani atanishukuru.

"Diplome. Mutu anakuya kuiba ng'ombe yako. Weye unamwambia, chukua, niachie tu mukia."

"Shefu, wangechukua na mkia."

"Bangechukua ng'ombe yangu nzima, na mimi ningekuwa mutu aliyeibiwa. Sasa niko mutu aliyegawa."

Akapanda pikipiki kwenda kwake. Kesho yake panga lake na mabuti ya mpira ya ofisi, ambayo hakuyavaa hata siku moja maana njiani alitembea pekupeku, tulivikuta vimewekwa getini, vimepangwa vizuri. Hakurudi.

Ningependa kusema nilihuzunika. Nilikasirika. Nilikasirika na injinia, na kokoto, na malori yaliyozimwaga getini mpaka maharage ya Maman yakawa na ladha ya vumbi. Nilikasirika zaidi na yeye. Alipoteza njia yake kwa kutaka kusikia watu wakicheka, kisha akanihukumu mimi niliyeokota kilichobaki. Kila nilipofagia ofisi nilimjibu. Shefu, mdomo wako ndio uliogawa. Shefu, mkia huu ndio pekee unaofanana na ng'ombe. Majibu mazuri, yote niliuambia ufagio.

Na nikiwa mkweli, njia mpya ina wageni. Wanakuja wazee. Alikuja bwana mmoja anayetembea kwa magongo, akafika mpaka lundo la majani, akaweka jani lake na kukaa pale kwa muda mrefu, na mimi sikuweza kumchukia wala kuichukia kokoto iliyomfikisha. Hilo nalo lilinikera, maana nilitaka kuichukia bila kusumbuliwa.

Lakini Kooni ilianza kufa. Wageni waliozoea kutembea wawili wawili juu ya kokoto walifika pale wakajaribu kupita hivyo hivyo kwa kubanana, bega likisugua ukuta. Mawe ya maji yakaanza kupotea. Mimi niliwaambia, "Tafadhali, naomba, kama hutajali, jiwe hilo lina kazi yake." Walitabasamu. Walisema samahani. Wakaliweka juu ya lundo, wakapiga picha. Kila safari nilirudi getini nikichambua tafadhali yangu, kama ilikuwa fupi, kama ilikuwa ndefu. Mvua za mwaka huu zilipoanza, maji yalishuka katikati ya Kooni kwa mara ya kwanza tangu niingie kazini, na kipande cha ukuta, ukubwa wa godoro la mtoto, kikaanguka. Ofisi ikatuma mtu kupiga picha. Aliniambia kwa upole kwamba wataangalia tena mvua zikiisha, na kama hali ni ile ile, kokoto zimebaki nyingi.

Ndipo kwaya ya parokia ikaja matembezi. Basi dogo, sufuria, ngoma mbili, kinamama wamevaa kitenge cha aina moja. Wa mwisho kushuka alikuwa yeye, na koti la Jumapili, ndevu zimenyolewa.

"Bonjour, Diplome."

"Bonjour, Shefu."

Nikangoja aseme jambo jingine. Aliangalia kokoto. Nikawatangulia. Wanakwaya walipanda kwenye kokoto wawili wawili, watatu watatu, wakicheka na kuimba vipande. Nilipogeuka nilimwona nyuma kabisa, peke yake, katikati ya ile njia pana, akitembea kama mtu ambaye ana mmoja mbele yake na mmoja nyuma yake. Kokoto zikamtafunia miguuni kama zinavyomtafunia kila mtu.

Juu, kwenye lundo, akachuma jani akaliweka. Akavua viatu, akavifunga kamba, akavitundika shingoni, akaenda kusimama kwenye mdomo wa Kooni akiangalia ukuta ulioanguka. Uso wake sikuweza kuusoma, na kusoma nyuso ndiyo kazi ninayoifanya mchana kutwa bila mshahara. Nilianza kujiambia sasa atasema mkia umeoza. Nikaanza kuandaa jibu.

Wakati huo rais wa kwaya, mtu mzima mwenye heshima zake, muuzaji wa saruji kule Kamembe, aliinama kwenye safu ya mawe ya maji. Akalitikisa moja. Likatoka na udongo wake. Akamwita mwenzake ashike simu.

Nikafikiria yote kwa pamoja. Kwamba ni rais wa kwaya. Kwamba ni mgeni. Kwamba Shefu anatazama, labda ananijaribu, labda hajali. Kwamba ofisi inaweza kupata malalamiko. Kwamba mvua ya jioni ilikuwa imeshakusanyika upande wa Kongo.

"Papa," nikasema. "Weka iyo jiwe pale ulitoa."

Akanitazama kwa mshangao, si kwa ubaya. "Mwanangu, ni jiwe moja tu."

Nyuma yangu, sauti ya besi: "Iyo ni sauti ya kuomba chumvi kwa jirani. Tena."

Basi nikasema tena. Sitajaribu kuyaandika yote niliyosema, kwa sababu mengi sikuyajua kabla hayajatoka. Nilisema kuhusu matofali ya nyumba yake. Nilisema kuhusu ukuta usio na wa kuutetea. Niliwaambia wote wapange mstari, nyuma, nyuma, kinamama na ngoma zao, na wakapanga. Rais wa kwaya akapiga magoti na suruali yake ya safari, akalirudisha jiwe, nikamwambia linacheza, akalitoa, akalirudisha, na Shefu akaja akalisukuma kwa kisigino. Kisha tukashuka Kooni mmoja nyuma ya mwingine, na hakuna aliyegusa ukuta.

Tulipofika getini mvua ilikuwa imeanza. Maman alikuwa anafunika sufuria zake.

"Nani amekasirisha Shefu leo?" akaniuliza. "Nimesikia mpaka huku."

Shefu alikuwa ameshakaa kwenye benchi, viatu bado shingoni, sahani ya maharage mapajani. Hakuacha kutafuna. Akanionyesha kwa kidevu. "Shefu njo uyu."